Je, Asiyedhuru Mtu Ndiye Muungwana?

Mtu akisimama mjini Same penye ukame, au akipanda hadi msitu wa Shengena wenye ukungu juu ya Milima ya Upare, hewa aivutayo ina kitu asichokihisi. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, karibu sehemu moja ni gesi iitwayo arigoni. Huingia kifuani ikatoka kama ilivyoingia: haikudhuru wala haikufaa.

Lord Rayleigh na William Ramsay wa Uingereza waliitambua mwaka 1894, wakaipa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Mendeleev wa Urusi, alipotoa jedwali lake la elementi mwaka 1869, hakuwa ameiwekea nafasi. Zilipopatikana na nyingine za jamii yake, kama heli, neoni na ksenoni, ilibidi jedwali liongezewe safu nzima, ambayo leo ni ya 18. Tabaka la nje la elektroni zake limejaa, hivyo hazina haja ya kupokea wala kutoa. Kwa kutochanganyika huko wataalamu wakaziita gesi za kiungwana.

Basi, je, mtu naye huwa muungwana kwa kujitenga? Wako wasemao: "Simwibii mtu, simsengenyi mtu, yanitosha." Kuacha maovu ni wajibu, lakini wahenga wamesema: Muungwana ni vitendo. Wapare wana msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ambayo kwayo husafisha mifereji na ndiva, mabwawa yakusanyayo maji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Asiyefika hakumpiga mtu. Lakini mfereji ukibaki umeziba, mahindi ya jirani yakakauka, je, hakudhuru?

Tena arigoni ina udhuru, kwani imeumbwa imejaa. Mwanadamu huzaliwa akililia maziwa, na huzikwa kwa mikono ya wengine. Hidrojeni na oksijeni, kwa upungufu wao, huungana zikawa maji, na kwa maji twaishi. Asiyehitaji lolote ni Mwenyezi Mungu peke yake; mja ajionaye amejitosheleza amejivika vazi lisilo lake.

Na mwaka 1962 Neil Bartlett, huko Kanada, alithibitisha kuwa hata ksenoni huweza kuungana na vitu vingine. Ikiwa gesi isiyo na akili imekubali kuungana, sisi tuliopewa moyo tutatoa udhuru gani?