Furaha ya Mtumishi

Watu wengi hudhani kuwa furaha hukaa juu na utumishi hukaa chini. Mtu akiitwa bwana hufurahi. Akiitwa mtumishi huona haya. Dhana hii ni ya kale, lakini ukale wake hauifanyi kuwa kweli. Na tuipime kwa mambo yaliyotendeka katika nchi kavu ya Makueni na Kitui.

Mwaka 1895 kijana aitwaye Peter Cameron Scott alifika Nzaui, mahali palipo leo katika Makueni, akaanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Tarehe 4 Desemba 1896 alikufa kwa homa, naye ana umri wa miaka 29 tu. Hakuziona hospitali ambazo misheni ile ilikuja kuzijenga baadaye. Apimaye kazi kwa sifa atasema kijana huyu alipata hasara. Lakini je, apandaye mti asipokula tunda lake, amepanda bure?

Sasa tutoke Nzaui twende Kitui, miaka zaidi ya 100 baadaye. Angelo D'Agostino alikuwa Mmarekani, daktari wa upasuaji na wa magonjwa ya akili, tena padre Mjesuiti. Mtu wa elimu kama hiyo angeweza kuishi kwao kwa raha. Badala yake, mwaka 1992 alifungua Nairobi makao ya Nyumbani, ili kuwatunza yatima wenye virusi vya Ukimwi wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwagusa. Mwaka 2006 kijiji cha Nyumbani kilianza katika Kitui, katika ardhi ya ekari 1,000 hivi. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, padre akafariki.

Katika kijiji hicho yatima huishi pamoja na wazee waliofiwa na watoto wao. Wakamba humwita nyanya susu, na susu mmoja hulea watoto wapatao 10. Huchota maji, hupika, hufua. Akiwamo mtoto mwenye virusi, dawa zake hazina budi kumezwa kila siku kwa saa yake, maana zikikatizwa-katizwa ugonjwa huzizoea na kuzishinda. Basi uhai wa mtoto huyo hautegemei elimu ya daktari peke yake. Wategemea pia ajuza akumbukaye saa. Nani kati yao ni mkubwa, na nani ni mdogo?

Yuko atakayeuliza: ikiwa mtumishi hupata furaha, je, hajitumikii mwenyewe? Swali hili ni zito, wala tusilikimbie. Yuko kweli mtu amwendeaye mgonjwa ili asifiwe, na huyo humgeuza mgonjwa kuwa ngazi ya kupandia. Alama yake ni moja: hukasirika asiposhukuriwa. Mtumishi wa kweli hufurahi mgonjwa aponapo, hata kama aliyemponya ni mwingine.

Tena tusitumie neno la furaha kuwadhulumu watumishi. Muuguzi afurahiaye kazi yake astahili mshahara wake sawasawa na mwingine yeyote.

Furaha hii ni kama maji ya mto Tiva wakati wa kiangazi. Asimamaye ukingoni huona mchanga mtupu. Mama mwenye mtoto aliye na kiu huinama, huchimba kwa mikono, na maji hutokea. Hakuchimba kwa ajili yake mwenyewe, lakini naye hunywa.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wamisionari walikuja kama wageni, na wenyeji wengi wakapona. Lakini mgeni aliyejua kuinama alipona naye, akapona kiburi. Nawe, kijana msomaji, utakapochagua kazi yako, usiulize tu itakupandisha wapi. Uliza pia itakuinamisha kwa nani.