Ushahidi Wetu Juu ya Wamarekani

Ndugu msomaji, hakuna taifa linalotajwa kila siku duniani kama taifa la Wamarekani, na pengine hakuna linalohukumiwa kwa haraka zaidi. Mmoja husema: Hao ni mashetani; hawana Mungu, hawana haya, kazi yao ni kupiga mabomu. Mwingine, labda katika nyumba ile ile, husema: Huko ndiko peponi, laiti ningezaliwa huko! Wawili hawa huonekana kuwa wapinzani, lakini kwa kweli wamekunywa katika kisima kimoja. Wa kwanza ameona ndege za vita katika habari. Wa pili ameona majumba na magari katika sinema. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kuketi na Mmarekani na kumwuliza habari za mama yake.

Nilipokuwa mwanafunzi wa dini ng'ambo niliwasikia wenzangu wa nchi mbalimbali wakibishana juu ya Marekani mpaka usiku wa manane, na ilikuwa dhahiri kwamba kila mmoja alikuwa akisimulia habari za kwao. Aliyetoka penye njaa alitaja ngano ya msaada. Aliyetoka penye vita alitaja mabomu.

Haya si mazungumzo ya kupitisha wakati tu. Kusema neno moja juu ya watu zaidi ya milioni 300 ni kutoa ushahidi, na ushahidi huandikwa. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, yawaamrisha waaminio wasiache chuki yao juu ya watu fulani iwatoe katika uadilifu. Amri hiyo haikuteremshwa kwa ajili ya watu tunaowapenda, maana kumfanyia haki umpendaye ni jambo jepesi.

Wala tusije tukadhani kwamba mashtaka yote ni ya uongo. Mwezi Septemba 1957 ilibidi askari wa jeshi wawasindikize watoto tisa weusi kuingia shuleni huko Little Rock, na picha zake zilienea ulimwenguni. Mwezi uliofuata Bwana Komla Gbedemah, Waziri wa Fedha wa Ghana, aliingia katika mkahawa mmoja mjini Dover, jimbo la Delaware, akaagiza maji ya machungwa. Akaambiwa kwamba mtu mweusi haruhusiwi kuketi humo. Rais Eisenhower alipopata habari alimwalika Waziri huyo kula naye chakula cha asubuhi katika Ikulu. Lakini jiulize, ndugu yangu: ni Wamarekani weusi wangapi walionyimwa kiti siku ile ile, wasialikwe na Rais yeyote? Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi mikahawani haikupatikana mpaka mwaka 1964. Katika jambo hili walimwengu waliona sawasawa.

Lakini tazama jinsi ushahidi unavyokuwa mgumu mtu akisogea karibu. Tarehe 16 Machi 1968 askari wa Marekani waliingia katika kijiji cha My Lai, nchini Vietnam, wakaua mamia ya watu wasio na silaha, wanawake, wazee, na watoto wachanga. Nani atamlaumu mtu wa kijiji kile akisema kwamba Mmarekani ni mnyama? Asubuhi ile ile, juu ya kijiji kile kile, alikuwa akiruka rubani wa helikopta mwenye umri wa miaka 24, jina lake Hugh Thompson. Alipotambua yanayotendeka aliitua helikopta yake kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wamejificha handakini. Akawaamuru watu wake wawili wawapige risasi Wamarekani wenzao iwapo wangewashambulia wanyonge wale. Kisha akaita helikopta nyingine, na watu wale wakaondolewa wakiwa hai. Mmoja wa wenzake akaingia katika mtaro uliojaa maiti akatoa mtoto aliyekuwa bado anapumua. Wauaji na waokoaji walivaa sare moja!

Aliporudi kwao Thompson hakupokewa kama shujaa. Wako waliomwita msaliti, na vitisho vya kuuawa vilimfikia. Serikali yake ilimpa nishani kwa tendo hilo mwaka 1998, baada ya miaka 30. Na katika mauaji yale yote ni afisa mmoja tu aliyetiwa hatiani, mwaka 1971, akapunguziwa kifungo chake na kukitumikia zaidi nyumbani. Basi Mmarekani wa My Lai ni yupi? Anayemtaja muuaji peke yake amemzika Thompson pamoja na waliokufa, na anayemtaja Thompson peke yake amefukia makaburi ya mamia.

Vivyo hivyo juu ya pombe. Wengi hudhani kwamba taifa lile halijapata kuuona ubaya wake. Kumbe tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933 Katiba yao ilikataza kuitengeneza na kuiuza, na waliopigania sana jambo hilo walikuwa wanawake na watu wa makanisa, waliochoka kuona mishahara ya waume ikiishia kilabuni. Jaribio hilo lilishindwa, majambazi wakatajirika kwa pombe ya magendo. Hata hivyo mimi naliheshimu. Nayo Kurani Tukufu, inapotaja pombe na kamari katika Sura Al-Baqara, haikanushi kwamba mna faida fulani. Huitaja, kisha huonyesha kwamba madhara yake yazidi. Ikiwa Mwenyezi Mungu hakuidhulumu hata pombe, sisi twapata wapi ruhusa ya kulidhulumu taifa zima?

Huenda mtu akauliza: Je, basi tunyamaze tusikemee dhuluma? Sivyo hata kidogo. Malcolm X, Mmarekani, kwa miaka mingi alifundisha kwamba watu weupe wote ni mashetani kwa asili yao. Mwezi Aprili 1964 akaenda kuhiji Makka, akala sinia moja na Waislamu weupe, akaandika barua nyumbani kwamba imemlazimu kuzipanga upya fikira zake. Hukumu ya jumla aliiacha huko. Lakini mwezi Julai alikuwa Cairo akiwasihi wakuu wa nchi za Afrika wailaumu Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa kwa mateso ya watu wake weusi, na Oktoba alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Alipouawa kwa risasi mjini New York tarehe 21 Februari 1965, akiwa na umri wa miaka 39, alikuwa bado hajaifuta kesi hiyo.