Wimbo Tusiouchagua

Jumamosi moja jioni hapa Ipole tuliiacha simu ijipigie yenyewe nyimbo tulizozihifadhi. Baada ya kwaya ukaja wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, tukafurahi. Mara ukaja wa Tabora Jazz, tuliokuwa tukiusikiliza pamoja na ndugu yetu ambaye hatukuwa tukisemezana naye tangu ugomvi wa shamba. Hasira ikatupanda.

Je, hasira iliyokuja bila kuitwa ni dhambi? Twaona sivyo: wimbo hatukuuchagua, wala uchungu ule wa kwanza. Bali tukiurudia-rudia uchungu kama kiitikio, hapo tumeuchagua wenyewe. Na kesho yake ilikuwa Ushirika Mtakatifu. Tukazima simu, tukaenda kupiga hodi kwake.