Gia Moja na Swali la Uhuru

Baiskeli ya milimani yenye gia moja na isiyo na shokapu huibua swali la kale la falsafa: je, mwenye machaguo machache ana uhuru mdogo?

Mchezo wa baiskeli za milimani ulishika kasi Marin, California, katika miaka ya 1970, vijana walipoteremka njia za vumbi kwa baiskeli nzito za zamani. Shokapu zilienea baadaye.

Gia ya meno 32 mbele na 16 nyuma huzungusha gurudumu la nyuma mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali, iwe tambarare au mlimani. Mwinuko ukizidi, mpandaji husimama juu ya pedali na kuvuta usukani. Akishindwa, hushuka na kusukuma. Mishtuko ya mawe hupokewa na viwiko na magoti, hivyo jicho hujifunza kuchagua njia mapema.

Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoa aliyezaliwa utumwani, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Mlima haumtii mpandaji. Mkao, juhudi na subira vimo mikononi mwake. Kwa maana hiyo, uchache wa vifaa humrudishia mtu kazi yake mwenyewe, na humo umo uhuru.

Hata hivyo, mchukuzi wa mkaa mwenye baiskeli ya gia moja kwa kukosa nyingine hakuchagua uchache huo. Kutosheka ni fadhila kwa anayejichagulia, asihubiriwe aliyenyimwa.