Jina la Picha Isiyo na Jina

Ichukuliwe kwamba picha ya rangi imefikishwa Mgori, katika Mkoa wa Singida. Yaonyesha miti ya kiangazi, majabali mawili, na kati ya miti hiyo nyumba moja ya tembe. Haina jina, linalojulikana ni kwamba mchoraji alikuwa mtu wa pande hizo za kati. Je, yafaa iandikwe chini yake, “Msitu wa Mgori”?

Mtaalamu ataanza kwa dalili. Lakini tembe si ya Wanyaturu peke yao. Wagogo nao huijenga. Majabali yameenea Singida nzima, na miyombo huendelea hadi Tabora na mbele yake. Ndipo mzee wa kijiji atakapolitambua jabali kwa ufa wake. Ushahidi wake ni mzito kuliko wa vitabu, walakini mzee naye ana shamba, na shamba lina mpaka.

Hapo ndipo penye uzito. Katika miaka ya 1990 msitu wa Mgori, wenye zaidi ya hekta 40,000, ulikuwa karibu kufanywa hifadhi ya serikali. Badala yake ukawekwa chini ya ulinzi wa vijiji vitano, kila kimoja na sehemu yake. Katika nchi ya namna hiyo, kutaja kilima ni kusema ni cha nani. Picha ikishaitwa Mgori, ile tembe yageuka shahidi: mmoja atasema watu waliishi humo tangu zamani, mwingine atasema hao ndio walioanza kukata miti. Mchoraji hakuapa kiapo chochote.

Wako wasemao kuwa jina la picha ni pambo tu. Sam Ntiro alichora mwaka 1956 wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, na jumba la sanaa za kisasa la New York likainunua picha hiyo mwaka 1960. Iondolewe jina lake: mtazamaji asiyewajua Wachaga atajuaje kwamba safari ile ni ya arusi? Jina lile lilitoka kwa aliyechora, na kwa hiyo lina haki ya kumwongoza mtazamaji.

Kwa picha ya Mgori, basi, na iandikwe “Haina jina”. Kisha, kwa herufi ndogo, kwamba mzee wa kijiji fulani alilitambua jabali la kushoto, na tarehe aliyosema hivyo. Neno “yasemekana” lisitumiwe, kwa kuwa humficha msemaji. Tena huenda mchoraji alilitoa jabali mahali pamoja na tembe mahali pengine.