Pembeni mwa Ramani

Wajuzi wa michezo ya kompyuta ya kujenga miji wana wosia wao, nao hurithishana kama manahodha walivyorithishana majina ya nyota. Anza padogo. Usikope kabla hujaona kodi ikiingia. Tandaza maji na umeme, kisha nyumba zifuate. Barabara kuu iachie nafasi, kwani siku mji utakaponenepa hutapata pa kuipanulia. Kiwanda kiweke mbali na makazi. Na jaa la taka lipeleke pembeni kabisa mwa ramani, maana hapo sehemu ya uchafu wake humwagikia nje, na nje hakuna mtu.

Ni wosia wa akili, na laiti baadhi yake ungefuatwa huko Mbagala au Goba, ambako nyumba zilitangulia na barabara ikaja nyuma ikitafuta pa kupenya. Walakini neno la mwisho ndilo lenye mzigo. Kwamba nje hakuna mtu ni kweli ndani ya kompyuta tu, nako ni kweli kwa sababu mtungaji wa mchezo hakuandika mtu yeyote mahali hapo.

Kwa miaka mingi Jiji la Dar es Salaam lilimwaga taka zake Tabata, mahali ambapo kwa aliyetazama kutoka Posta palikuwa mwisho wa mji. Tabata walikuwapo watu. Moshi wa taka zilizochomwa uliingia vyumbani mwao, nzi wakala nao sahani moja. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya Jiji, wakashinda: Jiji likaamriwa liache kutupa taka pale. Likaomba kuongezewa muda, likaomba tena. Hatimaye taka zilihamia Vingunguti, kisha Mtoni katika Wilaya ya Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mara jaa lilisukumwa pembeni, na pembeni ndiko fukara anakopata kiwanja anachokimudu. Katika mchezo hakuna raia anayefungua kesi. Hukasirika kwa alama nyekundu, akahama, na mahali pake pakaingia mwingine asiye na jina vilevile.

Je, basi, achezaye mchezo huo anatenda dhambi? Hapana. Raia wa kompyuta hana mwili wa kuumia, na kumhamisha si kumhamisha mtu. Kosa haliwi kosa bila aliyekosewa. Swali lililo gumu ni la jicho, si la mkono: mtu aliyezoea kwa saa nyingi kuutazama mji kutoka angani, akafurahi kila tarakimu ikipanda, jicho lake linajifunza nini?

Asili ya mchezo wenyewe inafaa kukumbukwa hapa. Will Wright, Mmarekani aliyetunga SimCity iliyotoka mwaka 1989, alikuwa kwanza ametunga mchezo wa helikopta inayolipua viwanda visiwani. Akagundua kwamba kuvichora visiwa vile, pamoja na barabara na majengo yake, kulimpendeza kuliko kuvilipua. Mchezo wa kujenga ukazaliwa hivyo, ila ulibaki na macho ya rubani.

Mwaka 2010 Vincent Ocasla, mwanafunzi wa usanifu majengo kutoka Ufilipino, aliuonyesha ulimwengu mji alioujenga kwa miaka kadhaa katika SimCity 3000, akauita Magnasanti. Una wakazi milioni 6 na hauna barabara hata moja. Watu husafiri chini ya ardhi. Polisi wako kila pembe, hakuna anayeasi, na wanaofika uzeeni ni wachache mno. Kwa kanuni za mchezo, huo ni ushindi uliotimia. Mwenyewe hakuukusudia uwe wa kuigwa. Alitaka uogofye, na unaogofya. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, idadi isiyo mbali na ile ya Magnasanti. Tofauti ni kwamba hawa hawakupangwa na mtu mmoja, na wengi wao hawakupangwa na yeyote.

Si kwamba hawakuwapo wapangaji. Mpango wa mwaka 1949 ulichorwa na wahandisi wa Kiingereza, ukiwagawa watu kwa rangi zao. Ule wa 1968 na ule wa 1979 ilichorwa na makampuni ya Kanada. Jicho la angani lilikuwapo kabla ya kompyuta. Wakati karatasi zikichorwa, Manzese ilijijenga kwa udongo, miti na makuti, chumba baada ya chumba. Ni katika miaka ya 1970 tu ndipo serikali ilipoanza kuiboresha badala ya kufikiria kuibomoa. Katika SimCity ile ya kwanza kubomoa kipande cha mji kuligharimu dola 1. Huko Kimara mwaka 2017 alama ya X nyekundu ilichorwa ukutani, na nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro zikaangushwa. Barabara ilihitajika, hakuna abishaye. Lakini bei ya kubomoa haikuwa dola 1, na aliyeilipa si yule aliyebonyeza kitufe.

Watu wa pwani wana mchezo wao wa mikakati, nao ni bao. Una mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana shimo lake kuu liitwalo nyumba. Bao nalo ni hesabu, tena hesabu kali, ila linachezwa mbele ya uso wa mtu. Aliyeketi upande wa pili ana mkono kama wako na anaweza kukuvunjia nyumba. Kete zinazoliwa hazitupwi nje ya ubao. Hurudi mchezoni upande mwingine. Hakuna pembeni.

Hata hivyo kutazama kutoka juu hakuepukiki. Mtaro wa mvua hauchorwi kwa kusimama mlangoni. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulipofurika, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini, na waliookolewa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni. Kwenye ramani ulikuwa uamuzi sahihi: juu pakavu badala ya chini penye maji. Wapo waliorudi bondeni. Mama lishe aliyekuwa akienda kwa miguu kwa wateja wake atafikaje kutoka Mabwepande alfajiri, na nauli ataitoa wapi kabla hajauza?

Kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa mwanzoni mwa muongo huohuo kwa ahadi ya kurudi. Zikapanga huko na huko. Majengo mapya ya ghorofa yalizinduliwa Machi 2022. Orodha ilikuwa imetunzwa, jambo ambalo halikutokea kila mahali. Katika miaka 10 watu huzeeka, watoto huoa, na wapo waliozikwa wakingoja. Siku ya uzinduzi idadi iliyotajwa ilikuwa ileile, 644.