Hiari ya Mnunuzi na Singa za Mbuzi

Neno moheri, ambalo ni jina la uzi wa singa za mbuzi wa Angora, lina nasaba na maneno tunayoyafundisha kila siku. Asili yake ni Kiarabu, mukhayyar, yaani kilichoteuliwa. Waitalia walilitamka mocaiarro. Waingereza nao, wakidhani wamesikia ndani yake neno lao la nywele, wakalipinda likawa hivi lilivyo. Shina hilohilo ndilo lililotupatia heri na hiari. Basi yafaa tuulize: katika uzi huu, nani ameteua, naye ameteua akijua nini?

Tuutazame ule uzi mwembamba wa kufumia shali za kimia, moheri iliyochanganywa na hariri, ambao gramu 25 zake huweza kufika mita 210. Mtia rangi wa mkono huyaloweka mashada, huyatia katika sufuria yenye rangi na siki, akayapasha moto taratibu bila kuyakorogakoroga, singa zisije zikatatizana. Hariri hung'aa, singa huizunguka kama ukungu, na rangi moja huonekana kama mbili. Hata akiipima rangi kwa mizani, mashada ya sufuria mbili hayalingani sawasawa. Kwa hiyo huandika katika kibandiko kwamba hakuna mashada mawili yanayofanana.

Je, huo ni ukweli au ni udhuru? Wako wasemao kuwa kasoro ikishatangazwa si kasoro tena. Hatukubaliani nao. Dalali akikitaja kilema cha mbuzi anayemnadi, mbuzi haachi kuchechemea. Kinachobadilika ni hali ya mnunuzi: ajuaye aweza kujipanga. Mfumaji mwenye mashada matatu hufuma safu mbili kwa shada hili na mbili kwa lile, hata tofauti ikapotea ndani ya shali. Hana budi kujipanga mapema, maana moheri ni taabu kuifumua. Singa zake hung'ang'aniana. Hapo hiari ni hiari kweli.

Lakini kibandiko kinanyamaza juu ya mbuzi. Asili yao ni Anatolia, pande za Ankara, mji ulioitwa Angora zamani. Mwaka 1838 walifikishwa Afrika Kusini, nchi ambayo leo huongoza duniani kwa moheri, ikifuatwa na Lesotho. Mwaka 2018 watetezi wa wanyama walitoa filamu zilizoonyesha mbuzi wakitendewa ukatili wakati wa kunyolewa katika baadhi ya mashamba ya Afrika Kusini, na maduka mengi makubwa ya nguo yakaisusia moheri. Kususia ni rahisi kwa mwenye duka. Mfugaji wa milimani Lesotho, ambaye hakumtesa mbuzi yeyote, hupoteza soko pamoja na mkosaji. Mwaka 2020 kiliwekwa kipimo cha kimataifa cha kuyakagua mashamba, nacho twakiona bora kuliko kususia, kwa kuwa kinamlazimu mtu kuuliza.

Mtia rangi atasema aliyanunua mashada yake yakiwa meupe kiwandani. Kiwanda kitasema kilinunua singa mnadani. Yamkini wote wasema kweli. Hata hivyo, twaona mnunuzi aulize, na mtia rangi asiyejua singa zimetoka shamba gani aandike hivyo katika kibandiko kilekile, chini ya maneno yake kuhusu rangi.